Vipuri vya skrambla kwenye injini ya kwadi: nini kinaingia, nini kinagoma

Mkuu, nimekuelewa hivi: kwadi yako (pikipiki ya magurudumu manne) ni ya Kichina, cc 200, ina rivasi, na pistoni imejamu. Pembeni una skrambla, pikipiki ya njia mbovu, iliyoandikwa 250, fremu imepinda lakini injini inawaka. Unauliza uhamishe injini nzima au uchukue vipuri. Chukua vipuri, tena vya juu tu: silinda, pistoni, hedi, pushirodi na kabureta. Kesi (bodi ya chini ya injini), krenki na gia zibaki za kwadi.

Sababu kubwa ni rivasi. Gia ya kurudi nyuma ina kishafti chake ndani ya kesi na tundu la wenzo wake kwa nje. Kesi ya skrambla haina tundu hilo wala pa kushikia kishafti, kwa hiyo hata ukihamisha gia zote hazina pa kukaa. Na kwadi isiyo na rivasi ikinasa mchangani ni kazi ya watu watatu kuitoa. Faida nyingine ni kwamba mabano ya injini hayaguswi, na sproketi ya mbele inabaki kwenye mstari mmoja na ya nyuma.

Soma kwanza namba iliyopigwa kwenye kesi. Injini nyingi za aina hii ni za ukoo wa Honda CG: kemu, shafti inayofungua valvu, iko chini, na valvu zinasukumwa na pushirodi, vijiti virefu vinavyopanda hadi kwenye hedi. Boxer na TVS HLX zina cheni ya kemu, usipoteze hela kwa vipuri vyake hapa. Kwadi ya 200 kwa kawaida ni 163FML, yaani pistoni ya mm 63.5 na mwendo (safari ya pistoni toka chini hadi juu) wa mm 62.2, jumla cc 197. Skrambla ya "250" mara nyingi ni 167FMM: pistoni mm 67, mwendo mm 65. Piga hesabu utapata cc 229, siyo 250. Ukiweka pistoni ya 67 juu ya krenki ya kwadi unapata cc 219, nyongeza ya asilimia 11 hivi. Hiyo utaisikia kwenye kupanda na kwenye mchanga, ila usitegemee kwadi nyingine.

Sasa chukua vernia, kile kipimo cha milimita. Pima umbali wa zile stadi nne ndefu kwenye kesi (bolti zinazoshika silinda), kisha matundu ya silinda ya skrambla. Zikitofautiana hata mm 1, simama hapo, toboa silinda yako kwa pistoni ya ovasaizi (+0.25 au +0.50) na uachane na mengine. Zikilingana, pima kipenyo cha nje cha sketi ya slivu (bomba la chuma ndani ya silinda), ile inayozama kwenye kesi, ulinganishe na mdomo wa kesi. Slivu ya 67 huwa nene kuliko mdomo wa 200, kwa hiyo kesi inakwenda kwa tena, fundi wa mashine ya kuchonga chuma. Ifungue yote, toa krenki na beringi zote kabla ya kukata. Chembe moja ya alumini kwenye beringi ya krenki itaila ndani ya wiki. Hakikisha pia uso wa kukalia gaskiti unabaki mpana kuzunguka mdomo wote, hasa karibu na njia ya oili.

Pini ya pistoni nayo ina saizi tofauti: 15, 16 na 17 zote zipo sokoni. Pini ikicheza kwenye koneti rodi, tafuta pistoni ya 67 yenye pini ya saizi yako. Usiweke bushi ya kuchonga mtaani.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Silinda ya skrambla imetengenezwa kwa krenki ya mm 65. Krenki yako ni 62.2. Nusu ya tofauti ni mm 1.4, na pistoni itaishia chini ya mdomo wa silinda kwa kiasi hicho, kama koneti rodi na kimo cha pini (kutoka pini hadi juu ya pistoni) vinafanana. Kwa kipenyo cha 67 hiyo ni karibu cc 5 za nafasi tupu. Kama mgandamizo wa skrambla ulikuwa 9 kwa 1, sasa unashuka hadi 7.5 hivi. Injini itawaka vizuri, lakini itakuwa nzito kuliko ile 200 uliyoitoa, na watu watalaumu kabureta bure.

Dawa ni kukata kitako cha silinda kwa huyo fundi tena. Usikate 1.4 kwa kukariri. Funga silinda na gaskiti ya chini, zungusha hadi pistoni ifike juu kabisa, pima imebaki chini kiasi gani, kisha ukate kwa kipimo hicho. Baada ya hapo weka vipande viwili vya waya laini wa lehemu, unene mm 2, juu ya pistoni, kushoto na kulia kwenye mstari wa pini. Funga hedi na gaskiti yake, zungusha kwa spana mara moja, fungua. Waya uliobanwa upimwe: mm 1 ni sawa, chini ya 0.8 ongeza gaskiti ya chini. Fanya vivyo hivyo kwa plastisini juu ya pistoni, pale valvu zinaposhukia.

Ukishusha silinda, pushirodi zinakuwa ndefu kwa kiasi kilekile ulichokata. Dalili ni skrubu ya roka kufunguliwa hadi mwisho bado valvu haina nafasi. Hapo tafuta pushirodi fupi. Usisage ncha, maana ugumu wake uko juujuu na itakwisha haraka. Nafasi ya valvu ni mm 0.08 injini ikiwa baridi. Nati za hedi kaza kwa msalaba, awamu tatu, hadi Nm 28.

Kwa kuwa ilijamu, alumini imeshuka kwenye oili. Fungua kava ya klachi, safisha kikombe cha kuchujia mwisho wa krenki pamoja na chujio la oili la chini. Shika koneti rodi uivute juu na chini: isicheze hata kidogo. Kucheza pembeni ni kawaida.

Umeme usichanganye. Magineti, koili zake na CDI (kiboksi kinachotoa cheche) ni seti moja. Kuna CDI inayokula umeme wa koili moja kwa moja na nyingine inayokula volti 12 za betri. Ukibadilishana hupati cheche au unaiunguza. Magineti ya skrambla ya kiki tupu haina klachi ya stata ya kuwashia kwa kitufe nyuma yake, hivyo bakiza ya kwadi.

Ekzosi ya skrambla haitapita kwenye fremu ya kwadi. Kata shingo yake yenye flanji, iunganishe na bomba la kwadi. Pima pia kimo cha kava ya roka chini ya tangi kabla ya kulehemu chochote.

Sproketi acha za kwadi. Tairi ya 22x10-10 ina kipenyo cha mm 559, ya skrambla ya 110/90-18 ni 655, kwa hiyo namba za skrambla hazikuhusu. Ukibadilisha ya mbele, angalia shafti ni ya mm 17 au 20, na mnyororo ni 428 au 520.

Oili weka ya pikipiki, lita 1 hivi, kwa sababu ya magari ya kupunguza msuguano inatelezesha klachi. Jeti ya kabureta, kitundu kinachopitisha petroli, ikiwa imepangwa Nairobi, kwenye mita 1,795, ukishuka nayo Diani pwani, kwenye hewa nzito, itakuwa ndogo, na pistoni mpya itajamu palepale ilipojamu ya kwanza: mchanga, mwendo mdogo, gia ya kwanza, hewa haipiti kwenye mapezi. Anza na jeti kubwa kidogo, soma plagi, rangi ya kahawia ndiyo unayoitaka. Saa ya kwanza usivute gesi hadi mwisho; kisha acha ipoe kabisa, kaza hedi tena, pima valvu, mwaga oili ile.