Maswali na Majibu: Kondo la Nyuma katika Mimba ya Mapacha

Swali: Ultrasaundi ya wiki ya 12 imeonyesha makondo mawili. Je, ina maana wanangu hawatafanana?

Jibu: Swali hili nimeshalijibu mara nyingi, na linarudi kwa maneno yale yale. Makondo mawili hayathibitishi kwamba mapacha hawafanani. Mapacha wasiofanana hutokana na mayai mawili, na kila yai lililorutubishwa hujitengenezea kondo lake. Wanaofanana hutokana na yai moja lililogawanyika, na siku ya mgawanyiko ndiyo huamua: likigawanyika ndani ya siku 3 za mwanzo, kila mtoto hupata kondo lake na chupa yake, yaani mfuko wa maji anamokaa; kati ya siku ya 4 na ya 8, huchangia kondo moja huku kila mmoja akiwa na chupa yake; likichelewa zaidi, huchangia hata chupa. Takribani theluthi moja ya mapacha wanaofanana wana makondo mawili. Subiri uzione sura zao.

Swali: Ni kweli kwamba ndizi pacha nilizokula ndizo zimeyaunganisha makondo ya wanangu?

Jibu: Hapana. Makondo yaliyojipandikiza jirani kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi hukua hadi kingo zake zikagusana.

Swali: Nina wiki 24. Cheti cha ultrasaundi kinasema "mapacha, kondo moja, wote wazima". Je, nina haja ya kurudi?

Jibu: Unayo, tena wiki hii. "Kondo moja" katika cheti cha namna hiyo linaweza kuwa makondo mawili yaliyogusana tu, kila moja na mishipa yake, au likawa kondo moja kwelikweli, ambamo mishipa ya damu ya watoto wote wawili hukutana. Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi kati ya wiki ya 11 na ya 14, pale utando unaowatenganisha watoto unapoliegemea kondo: yakiwa mawili, nyama ya kondo hupenya katikati ya tando na kufanya kabari nene, likiwa moja, utando mwembamba husimama juu yake kama mguu wa herufi T. Kadiri mimba inavyokua, kabari hiyo hufifia. Hapa ndipo ninapopigia kelele kila mwezi: wajawazito wengi huja kupimwa mimba ikiwa imeshakua, wakiulizia jinsia kwanza, na wapimaji nao huandika "wote wazima" kana kwamba kazi imekwisha.

Katika mimba za kondo moja kwelikweli, 10 hadi 15 kati ya kila 100 hupatwa na tatizo la damu kuhama kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake. Anayetoa hupungukiwa maji hadi utando ukamgandamiza. Anayepokea hufurikwa na maji na moyo wake kulemewa. Mara nyingi huanza kati ya wiki ya 16 na ya 26, na kwa sababu hiyo mama wa namna hii hupimwa kila baada ya wiki 2 kuanzia wiki ya 16. Omba maji ya kila mtoto yapimwe, na idadi ya makondo na ya chupa iandikwe. Tumbo likifura ndani ya siku chache, likakaza na kukubana pumzi, usingoje tarehe ya kliniki.

Swali: Pacha mmoja ni mdogo. Mama mkwe anasema mkubwa anamla mwenzake. Nile nini?

Jibu: Kwa heshima zote kwa mama mkwe, hakuna anayemla mwenzake. Kama kondo ni moja, huenda halikugawanywa sawa, mithili ya shamba la urithi ambalo ndugu mmoja amepewa bondeni kwenye rutuba na mwingine kipande cha mawe; mara nyingi kamba ya kitovu ya mdogo huwa imejishikiza pembeni kabisa mwa kondo. Kama ni mawili, la mdogo huenda halikujipandikiza vizuri. Kula vizuri kwa ajili ya afya yako, lakini hakuna chakula kinachomfikia mdogo peke yake. Uzito wao ukipishana kwa asilimia 25 au zaidi, nenda kwa daktari bingwa, na dawa za mizizi uziache.

Swali: Kondo limekaa chini nikiwa na wiki 20. Nitapasuliwa?

Jibu: Si lazima, mara nyingi hupanda. Pimwa tena wiki ya 32, na ukiona damu, hata bila maumivu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Swali: Nikizalia nyumbani, kondo la wa kwanza litatoka kabla ya wa pili?

Jibu: Mapacha hawazaliwi nyumbani. Kwa kawaida makondo hutoka watoto wote wakishazaliwa, na mfuko uliotanuliwa na wawili hunywea polepole, hivyo damu huweza kumwagika nyingi. Nanyi wakunga wenzangu, papaseni tumbo kwanza: sindano ya oksitosini, ile ya kuukaza mfuko wa uzazi, isichomwe kabla hamjahakikisha kwamba hakuna mtoto aliyebaki ndani.

Swali: Baada ya kujifungua, bado naweza kujua yalikuwa mangapi?

Jibu: Mara nyingi ndiyo. Mimi huliweka kondo kwenye beseni, nikauinua kwenye taa utando uliowatenganisha watoto. Ukiwa mzito wenye ukungu, makondo yalikuwa mawili. Vidole vyangu vikionekana upande wa pili, lilikuwa moja. Mwombe mkunga akuonyeshe kabla halijapelekwa kwenye shimo la kondo.