Mtu wa kukushauri leba asiwe yule anayekuandikia barua ya kujieleza

Wakunga wenzangu, hasa nyinyi mliopostiwa majuzi hapa Nairobi, hii ni yenu. Supavisheni ziko mbili na watu huzichanganya.

Kuna ile ya kukaguliwa. Wanakuja na fomu, wanafungua friji kuangalia kama oksitosini, ile dawa ya kuzuia mama kuvuja damu akishajifungua, iko kati ya digrii 2 na 8, wanapekua partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kuzaa, wanasaini kitabu cha wageni, hao wameenda. Sikatai, ni muhimu, oksitosini ikiharibika mama atavuja damu na hiyo dawa haitamsaidia. Lakini siku umepoteza mama, fomu haitakuuliza kama ulilala.

Ya pili ni mtu wa kukaa na wewe. Nilipoanza kazi tulikuwa na sista mmoja mzee, leba ikitulia anachukua maji ameyatia rangi nyekundu anayamwaga kwa pedi na shuka halafu anatuuliza, hii ni ngapi? Tunasema mia mbili, mwingine mia tatu, kumbe ni mililita 500 kamili, na hapo ndio tunahesabu mama anavuja damu kupita kiasi. Tunacheka, anamwaga tena. Hakuna jina lililoandikwa mahali, so usiku damu ikikutisha unamuita bila kuogopa atakuona mjinga.

Waingereza walikuwa na masupavaiza wa wakunga kisheria tangu 1902, wakauondoa huo mfumo 2017, na sababu moja kubwa ni kwamba supavaiza wa kukushauri ndiye huyo huyo wa kukuchunguza mambo yakiharibika. Sasa nani atamfungulia roho? Huku kwetu inchaji, yaani mkuu wa wodi, anayepanga zamu na kuandika barua ndiye unaambiwa umweleze shida zako, na wengine ni watu wazuri kabisa, lakini kile kiti kinamfunga.

Kwa hivyo jitafutie mtu wako nje ya laini ya bosi. Sista aliyestaafu, tyuta wako wa zamani, mkunga wa hospitali nyingine, hata kwa mikutano ya Midwives Association of Kenya utampata. Muonane ana kwa ana kwa chai, si kwa WhatsApp, screenshot zinatembea na siri ya mgonjwa ni siri. Na muelewane mapema: ukimwambia kitu kinachoweka akina mama hatarini, hicho lazima kiripotiwe, hakuna urafiki hapo.

Vikao vya kukagua vifo vya akina mama usivikwepe. Vinafaa kuwa bila majina na bila lawama, kikigeuka korti muombe mwenyekiti kwa heshima arudishe mambo kwa faili na mfumo.

Na wewe inchaji unayesoma hii, tafadhali usimuite mtu kikao saa mbili asubuhi ametoka nait, mwache apande matatu akalale, mtaongea kesho.