Mama anasema polaroidi lazima itikiswe

SWALI: Shikamoo Mzee. Sandukuni nimekuta picha ya harusi ya wazazi wangu ya mwaka 1984, ya mraba, ukingo mweupe mpana chini. Mama anaiita polaroidi. Nilipokwenda studio kuomba nipigwe polaroidi, kijana alinicheka, eti hilo ni jina la kampuni. Na mama anadai lazima uitikise ndipo itoke. Nani mkweli? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila kijana kakosa adabu.

Polaroid ni kampuni ya Marekani ya bwana Edwin Land, ilianza 1937 ikitengeneza vichujio vya mwanga, si picha. Kamera yao ya kwanza ya picha za papo hapo iliuzwa Boston mwaka 1948.

Kutikisa nakujua vizuri. Nilikuwa kijana wa studio ya mjomba, tukipiga pasipoti kwa ile kamera ya macho manne, yaani lenzi nne za kutoa picha nne kwa mpigo. Unavuta karatasi, unahesabu moyoni, unabandua. Picha inatoka mbichi, inanata vidoleni, harufu ya dawa hadi kwenye ugali wa mchana. Tuliipepea ikauke. Siku moja nilibandua mapema, mwalimu mmoja akatoka rangi ya matope mara nne.

Ya mama yako ni aina nyingine, iliyokuja 1972. Ule ukingo wa chini si pambo: ndimo kilimokuwa kifuko cha dawa. Picha ikitoka, roli za kamera zinakipasua na kuitandaza dawa ndani ya plastiki. Hakuna cha kukausha. Ukiitikisa sana unaweza kuiharibu. Ilaze kifudifudi, usubiri.

Jina je? Sisi tukilipenda jina la kampuni tunalipa ngeli. Katapila ni jina la kampuni ya Marekani, Caterpillar, lakini kijijini kwetu katapila lililochonga barabara lilikuwa Komatsu, la Kijapani, na hakuna aliyejali. Yalipokuja mawili yakawa makatapila. Pampasi nazo, kutoka Pampers, hivyo hivyo. Usiombe radhi kwa polaroidi.

Kampuni ilitangaza 2008 kuacha kutengeneza filamu zake, lakini kuna watu walikiokoa kiwanda cha Enschede, Uholanzi, na leo filamu zinatoka tena kwa jina lilelile. Kijana wako huenda anayo Instax, kamera ya picha za papo hapo ya kampuni ya Fujifilm. Muulize, na uiite polaroidi hivyo hivyo.

Na ile ya harusi usiikate ukingo ili iingie kwenye fremu. Tafuta fremu kubwa, mbali na jua.