Simu za ofisi zimepiga nje ya nchi usiku, na ofisi ilikuwa imefungwa

SWALI: Habari fundi. Ofisini tuna simu za mezani 12 za intaneti, seva yake ni Asterisk (programu inayoendesha simu za ofisi). Jumatatu tumekuta salio lote limeisha, rekodi zinaonyesha simu za nje ya nchi tangu Jumamosi saa nane usiku na hakukuwa na mtu. Tubadilishe simu?

JIBU: Salama mkuu, poleni. Simu usibadilishe, utakuwa unatupa hela mara ya pili. Hao jamaa hawakugusa simu zenu, wana programu inayozunguka intaneti nzima ikigonga porti 5060 (mlango wa mtandao ambao seva za simu za intaneti hupokelea), ikikuta seva imeitika inaanza kubahatisha, ekstensheni (namba ya ndani ya simu) 100 paswedi 100, 101 paswedi 101, inaenda hivyo hivyo mpaka moja ikubali. Na nina uhakika nusu ya zenu ziko hivyo maana fundi aliyefunga alitaka kuwahi nyumbani (sisi mafundi tunajuana). Wakishaingia wanapiga namba za gharama kubwa ambazo wao wanapata mgao kwa kila dakika, ndo maana wanapenda wikiendi, hakuna wa kushtuka.

Leo hii kabla ya yote funga simu za nje ya nchi, kila kinachoanza na 000 au alama ya kujumlisha kikataliwe, kama bosi anapiga Dubai au China mfungulie yeye tu na muda wa kazi tu. Na mwambie aliyewauzia laini akuwekee kikomo cha matumizi kwa siku, maana seva ikizidiwa huyo ndo kizuizi cha mwisho.

Halafu ruta: toa ile porti 5060 uliyoiachia dunia nzima, ruhusu IP (anwani ya mtandao) ya mtoa huduma peke yake, anayefanya kazi nyumbani aingie kwa VPN, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi. Paswedi ziwe ndefu za kuchanganya, kila simu na yake, na usisahau ile admin admin ya kwenye simu yenyewe, ukiiacha mtu anaingia kwa brauza tu anabadilisha anachotaka. Fail2ban nayo weka, programu inayomfungia anayekosea paswedi mara nyingi, bure hiyo. Simu zikae VLAN yake, yaani mtandao wao uliotengwa, mbali na kompyuta. TLS na SRTP (njia za kuficha mawasiliano ya simu kwa kuyafunga kwa kodi) ni nzuri ili watu wasisikilize maongezi, ila hazizuii wizi huu, hizo wiki ijayo.

Ukimaliza cheki rekodi za Jumamosi, ekstensheni ngapi zilitumika? Ikiwa moja, ni paswedi. Ukikuta hata zile ambazo hukuwahi kuzitengeneza, basi wameingia kwenye seva yenyewe, hapo usihangaike kusafisha, futa kila kitu usakinishe seva upya.