Milingoti Mitatu Baharini

Postikadi ya kwanza niliyoinunua kwa fedha zangu, nilipigwa. Niliiona kwenye duka la vitu vya kale Mji Mkongwe, imefungwa ndani ya plastiki: Unguja inavyoonekana kutoka baharini, majumba meupe, mashua mbili tatu, Beit el Ajaib, jumba la masultani, katikati. Muuzaji akaniapia kuwa ni picha ya mwaka 1890. Nikatoa shilingi 60,000 nikaondoka kifua mbele. Nyumbani, ami yangu, ambaye maishani mwake hajakusanya kitu ila madeni, aliitazama kidogo tu akacheka. "Baba, huo mnara wa saa umeuona uko wapi?"

Uko kwenye jumba lenyewe. Na kosa langu lilikuwa hapo hapo, mbele ya macho.

Beit el Ajaib ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Sayyid Barghash, na wakati huo haikuwa na mnara. Mnara ulisimama peke yake mbele yake, karibu na maji, ukiwa pia taa ya kuongozea vyombo. Tarehe 27 Agosti 1896, mnamo saa tatu asubuhi, manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya kifalme ili kumtoa Sayyid Khalid bin Barghash kwenye kiti cha usultani. Vita vyenyewe havikutimiza hata saa moja, lakini mnara ule uliharibika. Jumba lilipokarabatiwa mwaka 1897 ndipo likapewa mnara wake. Kwa hiyo ukiona mnara umesimama mbali na jumba, hiyo ni picha ya kabla ya mizinga, ishike kwa mikono miwili. Ukiuona umeungana na jumba, usikubali kuambiwa 1890 hata kwa kiapo.

Tangu siku hiyo, kabla sijatazama kitu kingine kwenye picha ya bandari yetu, natazama baharini. Asubuhi ile ile ya 1896 meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa pale pale mbele ya mji. Maji hayakuwa na kina cha kuimeza yote, milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji kwa miaka. Mabaki hayo yalikuja kukatwakatwa na kuondolewa mwaka 1912. Basi milingoti iliyosimama majini bila meli chini yake inakupa kipindi: baada ya Agosti 1896, kabla ya bandari kusafishwa. Kadi yangu ya shilingi 60,000 ina mnara kwenye jumba na haina mlingoti hata mmoja. Pengine ni ya miaka ya 1920. Sijaitupa. Ndiyo niliyosomea.

Alama nyingine utazizoea kadiri unavyotazama. Reli mbele ya Ngome Kongwe ni ya garimoshi la Bububu, lililoanza mwaka 1905 na kufa katika miaka ya 1920. Bustani ya Forodhani iliyopangwa vizuri ni ya miaka ya 1930 na kuendelea. Maji ya Darajani, ambako kweli palikuwa na daraja na kweli mtaa wa Ng'ambo ulikuwa ng'ambo, yalifukiwa kidogo kidogo. Na hata picha uliyoipiga mwenyewe kwa simu mwaka 2019 sasa ni ya kale, kwa sababu tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit el Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake. Wengi wetu tulikimbilia kwenye simu zetu jioni ile kutafuta picha tulizopiga bila kuzijali.

Jambo dogo ambalo limeniokoa mara mbili: ukitazama mji kutoka baharini, Ngome Kongwe iko kulia kwa Beit el Ajaib. Ukiiona kushoto, aliyechapisha aligeuza picha. Kadi kama hiyo si ya bandia lazima, lakini usiitumie kubishana na mtu nyumba ya nani ilikuwa upande gani.

Sasa igeuze. Wanaoanza hutazama mbele tu, na wauzaji wanalijua hilo. Uingereza iliruhusu nyuma ya postikadi igawanywe sehemu mbili, anwani na maneno, mwaka 1902. Kabla ya hapo nyuma ni anwani peke yake, na ndiyo maana kadi za zamani zina maandishi yaliyobanwa pembeni mwa picha, hadi juu ya mawingu. Wengine huona yameharibu picha. Mimi hizo ndizo ninazozitafuta. Nyuma pia utakuta jina la studio: A. C. Gomes au Coutinho Brothers, Wagoa waliofanya kazi ya picha hapa Unguja. Muhuri wa posta nao una tarehe, lakini uusome kwa akili. Unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini. Picha moja iliweza kuuzwa miaka kumi na zaidi. Na tafadhali, usichemshe maji kubandua stempu. Nimenunua kadi yenye shimo la mraba kwenye kona, na sijui nimlaumu nani.

Kuhusu bandia: nunua kioo cha kukuzia. Picha halisi iliyosafishwa kwenye karatasi ya picha haina vinukta, na katika sehemu nyeusi mara nyingi hung'aa kama fedha ukiielekeza kwenye mwanga. Kadi ya kiwandani ya zamani ina vinukta au chembechembe. Ukiona vinukta vya rangi nne kwenye kitu unachoambiwa ni cha 1905, na karatasi ina rangi ya chai, basi ni chai kweli.

Lakini yote hayo utajifunza kwa mwezi mmoja. Kilichonichukua miaka ni kujifunza kuuliza.

Nilikuwa na kadi ya wanawake watatu wamekaa barazani, chini yake maneno ya Kiingereza yanayowataja kama wenyeji wa Zanzibar, basi. Nikampelekea bibi yangu. "Shikamoo bibi, hawa ni nani?" Akakunja uso. "Wenyeji! Wenyeji hawana majina?" Kisha akaninyamazia. Nilirudi wiki iliyofuata baada ya sala ya alasiri, nikaiweka kadi karibu na kikombe chake cha kahawa bila kuuliza kitu. Tukazungumza mambo mengine. Baada ya muda akaichukua mwenyewe. Wanawake hakuwajua, walikuwa wa kabla yake. Aliujua mlango. "Hapa nilikuwa nikitumwa mabumunda," akasema, na kutoka kwenye mlango huo akanitembeza mtaa wote wa Malindi, nyumba kwa nyumba, nani alishona, nani alikuwa na kisima, nani alihamia Maskati na hakurudi tena.

Kwa hiyo usianze na "huyu nani?" Mzee akikosa jibu huona aibu, na mazungumzo hufa. Uliza njia: hapo ukipita unatokea wapi? Nenda na picha iliyokuzwa kwenye simu au tableti, macho yake yasipate tabu. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Na ndugu zako walioko Maskati na Dubai, usiwaombe albamu, hawatakutumia na wana haki. Waombe wakupigie video wakiwa wanaifungua.

Kuna kadi ambazo sizionyeshi kwa mtu. Mpiga picha wa zama zile alijua Ulaya inataka kuona nini, na wasichana waliovuliwa nguo kwa ajili hiyo walikuwa watoto wa watu. Ninazo mbili, zilikuja ndani ya fungu nililonunua. Zimo kwenye bahasha na zitabaki humo.

Uhifadhi nitausema haraka. Adui wetu hapa ni unyevu. Usibandike kwa gundi wala selotepu, usizipe laminesheni, usizitie kwenye zile albamu za plastiki laini zenye harufu. Tumia mifuko ya poliesta, sanduku lililo juu ya sakafu mbali na ukuta wa nje, na vile vijipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, mbele na nyuma. Kama huna fedha ya kununua, nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, au fungua mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern kwenye mtandao. Kuna maelfu ya picha za Afrika Mashariki, na kutazama ni bure.

Majina na habari unazopewa na wazee ziandike kwa penseli laini, nyuma, pembeni, pamoja na jina la aliyekusimulia na tarehe. Ile ya barazani nimeandika: "Mlango wa mabumunda, Malindi. Kwa maneno ya bibi." Majina ya wale wanawake watatu nimeyaachia nafasi.