Bahati haikumfundisha Kijerumani

Swali lenu la wiki liliuliza: mtu akifanya kazi ya hatari miaka mingi kisha akafa kwa uzee, kilichomwokoa ni bahati au ujuzi? Jibu langu ni rubani Eric Brown wa Scotland, ambaye wenzake walimbandika jina la "Winkle", yaani kikonokono cha baharini, kwa ufupi wake. Alizaliwa 1919, akapigana Vita Kuu ya Pili, akawa rubani wa majaribio, na aliendesha aina 487 za ndege. Hakuna binadamu mwingine aliyefikisha idadi hiyo. Alifariki 2016 akiwa na miaka 97. Marubani wa majaribio wa rika lake wengi walizikwa vijana.

Mimi nasema kilichomfikisha huko ni kuuliza. Alikuwa mwulizaji asiyechoka, na aliuliza hata maadui.

Mwenyewe alisimulia kwamba mwaka 1936, kwenye Olimpiki ya Berlin, alikutana na Ernst Udet, rubani wa Kijerumani aliyevuma tangu vita ya kwanza. Udet alimpandisha ndegeni, akampindua kichwa chini miguu juu mpaka kijana akashika tumbo, kisha akampa mawaidha mawili: jifunze kurusha ndege, na jifunze Kijerumani. Brown akayashika yote mawili. Lugha akaisomea chuo kikuu Edinburgh, na vita ilipoanza 1939 ilimkuta Ujerumani kwenyewe, akifundisha. Askari wa SS, kikosi cha Wanazi, walimkamata, wakamweka ndani siku chache, kisha wakamsindikiza hadi mpaka wa Uswisi. Gari lake wakamwachia. Walimwambia hawana vipuri vyake!

Bahati ipo, sibishi. Desemba 1941 meli yake, HMS Audacity, ilizamishwa na nyambizi katika bahari ya Atlantiki, na karibu wote waliokuwa naye majini walikufa kwa baridi. Yeye alikuwa amevaa boya la marubani, lililoinua kichwa juu ya maji vizuri zaidi. Hapo ujuzi hauna la kusema.

Lakini njooni tarehe 25 Machi 1944. Brown anatakiwa kutua na Mosquito juu ya manowari ya kubeba ndege, HMS Indefatigable. Ndege yenye injini mbili ya ukubwa ule, iliyotengenezwa kutua kwenye viwanja virefu vya nchi kavu. Kwa kawaida ilitua kwa kasi ambayo nyaya za kunasa ndege pale sitahani zisingeistahimili: ama waya ungekatika, ama mkia ungeng'oka. Kwa hiyo ilimbidi aje polepole kuliko kasi ambayo ndege ile ilitarajiwa kuanguka. Aliinua pua, akaacha injini zivume kwa nguvu ili mapangaboi yenyewe yaibebe ndege, hewa ya mabawa ikiwa karibu kwisha. Upande wa kulia kuna mnara wa meli, na ncha ya bawa inaupita kwa nafasi finyu. Mapangaboi yote yanazunguka upande mmoja, hivyo ukiongeza moto ghafla ndege inakuvutia kushoto. Injini moja ikizimika, habari imekwisha. Alitua salama. Kabla ya siku ile alikuwa ameshafanya mazoezi nchi kavu mpaka anajua ndege inatetemeka vipi kwenye kila kasi, na maandishi yake yalikuwa kwenye kikaratasi alichofunga gotini. Tarehe 3 Desemba 1945 akawa pia mtu wa kwanza kutua na ndege ya jeti, Sea Vampire, kwenye meli ya namna hiyo, HMS Ocean.

Sasa Kijerumani. Vita ilipoisha, Uingereza ilitaka ndege za Wajerumani zijaribiwe haraka, pamoja na Me 163, ambayo ilikuwa roketi yenye mabawa, mafuta yake yakiweza kumlipua rubani hata ikiwa bado chini. Nani angemweleza Brown namna ya kuzirusha? Marubani na mafundi waliozitumia, na Brown aliweza kukaa nao na kuwauliza bila mkalimani. Lugha hiyo hiyo ikamfikisha mbele ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, kumhoji, na pia Bergen-Belsen, alikosaidia kuwahoji waliosimamia kambi ile ya mateso ya Wanazi. Aliyoyaona huko aliyasema hadi uzeeni.

Kuhusu helikopta napita haraka, ingawa kisa chenyewe kinachekesha: yeye na mwenzake walitumwa Speke, Liverpool, kuchukua helikopta mpya. Wakamwuliza sajenti wa Kimarekani mwalimu yuko wapi, akawakabidhi kijitabu. Walikisoma, wakapata kinywaji kikali kwanza, kisha wakaziendesha.

Wanaotetea bahati watanitajia DH 108, ndege isiyo na mkia. Zilitengenezwa tatu, na zote tatu ziliua. Mwaka 1946 rubani wa majaribio Geoffrey de Havilland mdogo alifia katika mojawapo, shingo imevunjika. Brown aliirudia safari ile 1949, na kwenye kasi ile ile ndege ikaanza kuruka juu na chini kwa fujo hata kidevu kikawa kinampiga kifuani. Aliamini ufupi wake ndio uliomwokoa, kwani de Havilland alikuwa mrefu na kichwa chake kiligonga kioo cha juu. Sawa, ufupi haupatikani shuleni. Ila aliteremsha kiti kabla ya kuondoka, na ndege ilipoanza kumtikisa alivuta usukani na kupunguza moto kwa pamoja, taratibu, wakati macho hayaoni hata vipimo vya mbele yake. Hayo wayapangie fungu lipi, bahati au ujuzi?

Aliacha jeshi la majini 1970, akaongoza bodi ya ushauri wa helikopta Uingereza, na baadaye akawa rais wa Royal Aeronautical Society, chama cha wataalamu wa ndege cha Uingereza. Kutua kwake melini kulihesabiwa mara 2,407. Na kuhusu zile aina 487, Spitfire peke yake aliendesha matoleo 14. Kwenye hesabu aliiandika mara moja.