Mama anadai zamu yake ya michango, mi nataka harusi ya watu 60 uani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni binti wa miaka 28, naishi Tabata Segerea kwa wazazi na Mungu akipenda mwezi wa saba naolewa. Mchumba wangu ni Mchaga wa Marangu ila kakulia Ubungo, tumekubaliana ndoa ifungwe kanisani mchana afu wageni waje uani kwetu, watu 60 basi, hatutaki ukumbi wala kamati, tumejikusanyia wenyewe milioni tatu na nusu. Shida ni mama. Yeye kachangia harusi za watu miaka na miaka, ana daftari kabisa limeandikwa nani alimpa nini, anasema sa hivi ndo zamu yake, eti nikifanya kimyakimya namdhalilisha na watu watasema nina mimba. Baba kanyamaza tu. Uani kwetu ni kama hatua 12 kwa 9, kuna mwembe mmoja na tenki la maji. Nianzie wapi, na mama nimwambieje?
Bi harusi mtarajiwa, Segerea

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera sana, na hongera zaidi kwa kujipanga na hela yenu kabla hamjapitisha daftari kwa watu. Naanza na mama, maana turubai na pilau vina mafundi wake hapa mjini, mama hana mwingine wa kukaa kwenye kiti chake.

Mama yako hajakosea, hilo liweke moyoni kabla hujakaa naye. Lile daftari ni akiba yake. Kina mama wengi wa Dar akiba yao kubwa ni wenzao, leo anatoa kwenye sendofu ya binti wa mtaa wa pili, kesho msiba, keshokutwa kipaimara, anatoa hata kama ndani hakuna sukari kwa sababu anajua siku yake ikifika na wao watasimama. Sasa wewe ukimwambia "mama sitaki michango" yeye anachosikia ni kwamba akiba ya miaka yote imepotea na mtoto wake ndo kaipoteza. Hayo maneno ya mimba ni uchungu tu unaongea.

Ila na wewe una haki yako, na hapa naomba unisome polepole kwa sababu harusi ndogo nyingi nilizoziona zikiharibika ziliharibikia hapa, sio kwenye hela. Ukishapokea mchango wa mtu umeshampa kadi, hata kama hujaichapisha. Watu 30 tu wakichangia na kila mmoja akategemea kadi ya dabo tayari ni watu 60, na hapo hujaweka ndugu hata mmoja, hujaweka upande wa mume, hujaweka mchungaji na mkewe. Ukisema ngoja nipokee kidogo tu ili mama afurahi, jua kinachofuata ni mwenyekiti, mweka hazina, vikao kila Jumapili, watu kukumbushana ahadi kwenye grupu la WhatsApp, na mwisho mnatafuta ukumbi kwa sababu uani hapatoshi. Kwa hiyo hiyo 60 yako inalindwa na kitu kimoja: usipokee hata shilingi kwa ajili ya siku ile, ya mtu yeyote, awe rafiki awe bosi. Shika hapo usitetereke.

Na mama je? Mpe kicheni pati. Iwe yake mwenyewe, wiki mbili tatu kabla, aite kina mama wote wa kwenye daftari, wa kikoba, wa jumuiya, wa kwaya, wachangiane kama wanavyochangianaga, wavae sare, wakufunde, wakutunze masufuria na vyombo na kanga, wacheze mpaka miguu iume. Deni lake litarudi mchana kweupe, mbele za watu, kwa vigelegele, na hakuna atakayesema binti kafichwa wakati mtaa mzima utakuwa umekuona umekaa kwenye mkeka. Vyombo utahamia navyo kwa mumeo, kwa hiyo hela ya vyombo mnaiokoa pia. Ila mipaka iwekwe mapema: kadi iandikwe kicheni pati tu, na hela ya shughuli ile isiingie kwenye harusi, mtu asije akadhani kalipia zote mbili akatokea Jumamosi ya harusi na mumewe na watoto.

Kumwambia usiende mwenyewe. Nenda kwanza kwa dada wa baba yako au kwa mama mdogo, hii ndo kazi yao, mweleze yote, yeye ndo akakae na mama faragha. Baada ya hapo mnaenda nyie, na mnaenda kuomba, sio kutoa taarifa. Mwambie mama tunaomba utusaidie kicheni pati iwe mikononi mwako, na harusi tunaomba baraka zako iwe ndogo. Mzazi aliyeombwa anakuwa mtu tofauti kabisa na mzazi aliyepewa ratiba. Baba naye muulize, wababa wengi wananyamaza kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Sasa orodha. Msiandike idadi, andikeni majina. 25 kwenu, 25 kwao, 10 za marafiki zenu nyie wawili, na kila jina linalotaka kuingia lisubiri jingine litoke. Upande wa Marangu muwahi, maana wakisikia harusi ni mjini na mtoto ni wao wanakodi Coaster, na Coaster moja ikijaa nafasi zao zote zimeisha na ndugu wa Ubungo hawajahesabiwa. Mshenga aongee na wazee kule waje kwa uwakilishi, na nyie muwaahidi kwamba mtaenda kwao Marangu mwezi wa 12 kusalimia, mwezi huo Wachaga wote wako nyumbani na watawapokea vizuri tu. Ila ndafu usiiguse! Hata kama unabana bajeti kiasi gani, yule mbuzi mzima wa kubanikwa akikosekana mezani utasikia maneno hadi unazeeka. Keki inaweza ikawa ndogo, hakuna atakayeipima.

Mwezi wa saba mmechagua vizuri, masika yameshaisha, vuli mpaka kuanzia Oktoba, na joto sio lile la Januari la kulowanisha gauni. Ila jua linazama mapema, kabla ya saa 12 na nusu jioni limeshazama na giza linaanza kuingia, kwa hiyo ndoa iwe saa 6 au 7 mchana, wageni uani saa 9, chakula saa 10 kamili, picha zote kabla ya saa 12. Kanisani wahini matangazo, yanasomwa Jumapili tatu, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yenyewe inataka taarifa ya kufunga ndoa itolewe siku 21 kabla.

Uani sasa. Chukua majivu, wewe na mdogo wako mshinde uani asubuhi moja mchore chini. Meza ya duara ya watu 10 pamoja na viti vyake na njia ya mhudumu inakula kama mita 3 kwa 3, meza sita ni mita za mraba 54, na uani kwenu kama kila hatua yako inakaribia mita moja unabaki na sehemu ya maharusi chini ya mwembe na sehemu ya kuchezea, ila hubaki na jikoni. Kwa hiyo jiko litoke, liende pembeni ya nyumba au muombe kiwanja cha jirani. Mwezi wa saba upepo ni wa kusi, unatokea kusini, ukiweka jiko upande wa kusini moshi wote unaingia kwenye turubai na wageni wanakula huku wanalia. Liweke kaskazini. Na mwembe mtu aupande wiki ile akate matawi makavu, afagie na mchwa.

Kitu ambacho kila mtu anasahau ni choo. Watu 60 na choo kimoja cha ndani, siku nzima, wengine wana magauni mapana! Ita gari la maji taka wiki moja kabla hata kama shimo halijajaa, tenki lijae tangu Ijumaa kwa sababu maji ya bomba yana tabia ya kukata siku unayoyahitaji, weka ndoo na kata na sabuni, na umpe kijana mmoja kazi hiyo tu, umlipe vizuri, asipangiwe kingine. Kama kuna choo cha nje kwa jirani kiombe, wanaume waende huko.

Chakula pika cha watu 75. Hao 15 sio wageni wa kadi, ni wapishi wenyewe, vijana wa turubai, mpiga picha, wa mziki, dereva, na majirani wa ukuta kwa ukuta ambao huwezi kuwanusisha pilau bila kuwapelekea sahani. Mchele kilo 12 unatosha, kuku 20 wakikatwa vipande vinne vinne ni vipande 80, soda kreti 7 ni chupa 168, kila mtu mbili na zinabaki. Ndizi za nyama weka kwa heshima ya wakwe. Mpishi tafuta wale kina mama wa masufuria makubwa, Tabata wapo wengi, umuone akipika kwenye shughuli ya mtu kabla hujampa hela, angalia anavyopalia makaa juu ya mfuniko, pilau ya uani inakamilika hapo, mpishi mwenye haraka ataacha chini imeungua na juu mbichi. Mpe nusu ya hela kwanza. Na vifungashio vya wageni kubebea chakula uliza mapema, mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, na bado kuna watu wanakumbuka saa ya kufungasha.

Umeme nunua uniti za kutosha Ijumaa, na spika zisikae waya mmoja na friza. Jenereta la kukodi liwepo hata kama halitawashwa. Hela yenu naona inatosha kama nusu yake mtaiweka kwenye chakula na vinywaji na mapambo mkayaacha kwa mwembe, taa ndogondogo na vitambaa vya Kariakoo. Gauni kodi.

SWALI: Anti habari. Mi wa Mbagala Kuu, naoa Ijumaa nikah inasomwa nyumbani kwa bi harusi, mchana, watu kama 40. Uwanja hautoshi tunataka turubai litokee barabarani kidogo. Kuna jirani mmoja haelewani na familia ya bi harusi. Tufanyeje asilete fujo?
Bwana harusi, Mbagala

JIBU: Salama kaka, Mungu awatangulie. Barabara sio ya familia, hata ile ya mtaani, kwa hiyo mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa waandikiwe barua wiki mbili kabla, itajwe saa ya kufunga turubai na saa ya kufungua, na muache upenyo wa bajaji na gari la mgonjwa. Nakala ya hiyo barua mkae nayo siku ile. Huyo jirani msimtumie kijana. Aende mzee, baba wa bi harusi mwenyewe kama anaweza, amwalike kwa mdomo. Akikataa kuja sahani yake ya biriani ipelekwe vilevile, ya kwanza kabisa kabla ya wageni, na ipelekwe na mtu mzima. Mziki uzimwe kila adhana na magharibi ikifika usiwashwe tena. Nimeona magomvi ya miaka yakipoa kwa sahani kama hiyo, na hata kama lake halitapoa mtaa mzima utajua nyie mlifanya la kwenu.

SWALI: Shangazi sisi hatuna hela ya harusi kabisa, tunataka bomani afu chai nyumbani na wazazi tu. Inafaa au watu watatucheka?
Wawili, Kimara

JIBU: Inafaa sana wanangu. Ndoa ya bomani ni ndoa kamili na cheti ni kilekile. Nendeni wote wawili ofisi ya mkuu wa wilaya na vitambulisho vyenu mkatoe taarifa, siku zile zile 21 zinawahusu na nyie, tafuteni mashahidi wawili watu wazima ambao hawatachelewa, na mahari mmalize na wazee kabla ya siku hiyo ili mkirudi nyumbani iwe furaha tupu. Chai iwe na maziwa, vitumbua, sambusa, maandazi ya moto, kuku wa kuchoma mmoja wa wazazi. Na mumkodie mpiga picha wa lisaa limoja, mwombeni apige picha za bibi na babu kwanza kabla hawajachoka.